Diploma ya Akai na Kidato cha Tano cha Baba Yake

Mkija kwangu na simu zenu mkinionyesha picha ya shule, swali langu la kwanza litakuwa: choo kiko upande gani? Msicheke. Nilikuwa mwalimu wa ushauri wa masomo katika shule moja ya wasichana hapa Lodwar mpaka nilipoambiwa umri umefika, nikae nyumbani nipumzike, na swali hilo la choo limewaokoa wasichana wengi kuliko hotuba zangu zote za Ijumaa.

Sikulibuni mimi. Nilifunzwa na Mwalimu Barasa, mzee wa Jiografia aliyekuwa akiifanya kazi hiyo kabla yangu. Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka mji mkubwa, tai shingoni katika joto hili letu, akabandika bango ukutani na kutueleza habari za chuo chake. Maabara wanazo, uwanja wanao, kompyuta ndio usiseme. Wasichana walikuwa wameshalainika. Barasa akainuka polepole, akauliza, "Choo cha wanafunzi kiko upande gani?"

"Vyoo vipo, mwalimu. Vya kisasa kabisa."

"Sikuuliza kama vipo. Nimeuliza viko upande gani."

Yule bwana akageuka akalitazama bango lake mwenyewe, eti labda choo kimechorwa pale. Barasa akaketi. Baadaye alinieleza kwamba mtu aliyesoma au kufundisha mahali, ukimuuliza choo, mkono wake hunyooka wenyewe kabla hajafikiri. Asiyenyoosha mkono hajafika huko anakokuuzia. Bwana wa tai alituachia kofia na kalamu za bure, na mpaka leo hatujamwona tena.

Mtasema nina roho ya kushuku. Ni kweli, na sioni haya. Mimi ni mtoto wa Kalokol. Mama yangu alikuwa akinunua samaki wakavu kwa mafungu ili apeleke sokoni, na hakuna fungu alilolilipia kabla hajalipindua kuona waliowekwa chini. Wenzake walimwita mkorofi. Lakini sikuona hata siku moja akirudi nyumbani na samaki wenye funza. Basi nami kila kinacholetwa kikiwa kimepangwa vizuri juu, nakipindua.

Kushuku nako kuna ufundi wake, maana ukishuku ovyo unaharibu kazi. Nilipokuwa mgeni katika ushauri huu alikuwapo msichana mmoja ambaye kila ndege ya msaada ikipita juu ya shule aliacha daftari na kukimbilia dirishani. Nikasema huyu ni rubani, tayari, Mungu ameshaamua. Nilimtafutia habari za shule za urubani na kumsumbua na Hisabati, nikamwita mpaka mzazi wake. Mwisho mtoto akachoka nami. "Mwalimu," akasema, "mimi nilitaka tu kujua ndani wamebeba nini." Leo anauza nafaka Kakuma na anauza vizuri. Tangu hapo nilijifunza kumuuliza mtoto anachotaka kabla ya kumjibu, ingawa kama mtakavyosikia, somo hilo nililisahau tena.

Sasa hii mnayoniuliza siku hizi, hii diploma ya kimataifa inayosomwa sekondari, ile ngumu: muichague au muiache? Siwezi kuwajibu kwa neno moja. Nitawaeleza habari za Akai, kisha mtaona wenyewe.

Akai alifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka wa 2012. Alikuwa msichana mkimya, wa kukaa dawati la pili, si la mbele wala la nyuma. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa mwaka uliofuata, alikuwa amepata B. Jamani, B! Shule yetu ilipiga vigelegele. Mkuu wa shule alimsimamisha mbele ya watu, kasisi akamtaja kanisani, na mama mboga akampa sukuma ya bure. Alitaka kuwa daktari, na kwa kuwa wasichana walikuwa wakipunguziwa alama za kuingia vyuo vikuu vya serikali, tuliamini atapata nafasi, kama si ya udaktari basi ya kitu kilicho jirani.

Wakati huohuo ndipo habari ya hiyo programu ilipofika mezani kwangu. Shule moja ya bweni ya kimataifa, nje ya Kenya, ilikuwa inatafuta wanafunzi waliomaliza kidato cha nne, wakimbizi wa kambi ya Kakuma na wenyeji wa Turkana pamoja. Miaka miwili, kila kitu kimelipiwa, na mwisho wake unapewa diploma ambayo vyuo vikuu vya dunia vinaitambua. Mnajua mimi nikiona "kila kitu kimelipiwa" hufanya nini. Nilikwenda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikaipindua.

Niliyoyakuta chini yalinishangaza. Masomo sita tu, matatu yanachimbwa kwa kina kikubwa na matatu kwa kina cha kawaida. Lazima uandike insha ndefu ya utafiti wako mwenyewe, si ya kunakili. Lazima utumikie watu nje ya darasa. Halafu kuna somo zima la kuuliza: hili unalolijua, umelijuaje? Nilisoma hapo mara ya pili. Kwetu mtoto akimuuliza mwalimu swali kama hilo, anapiga magoti nje. Kumbe kuna mahali kushuku kunafundishwa darasani na kupewa alama! Nilijisikia kama mtu aliyegundua kwamba ugonjwa wake wa miaka yote ni digrii mahali fulani.

Lakini pia niliona kwamba watu hushindwa. Mtoto aliyezoea kukariri na kutapika kwenye karatasi huumia sana kule. Nilimwita Akai nikamweleza yote, tamu na chungu. Alisikiliza, akauliza kitu kimoja tu, nani anasahihisha mtihani wa mwisho. Nikamwambia husahihishwa na watu wa nchi mbalimbali, wasiomjua mtahiniwa. Akaitikia kwa kichwa, akasema atajaribu. Sikumuuliza kwa nini. Nilidhani ni udadisi wa kawaida.

Shida ilianza na baba yake.

Mzee Ekal alikuwa afisa wa mifugo hapa Lodwar, mtu wa chanjo za mbuzi, aliyeijua njia ya Lokiriama mpaka mashimo yake. Alikuja ofisini kwangu bado ana vumbi la safari.

"Ejok, mwalimu."

"Ejok, mzee. Karibu."

Hakuketi. "Nasikia unapeleka mtoto yangu diploma."

"Ni diploma ya kimataifa, mzee. Ni ya..."

"Mimi iko na diploma," akasema. "Hiyo kitu najua. Imenikalia kwa shingo miaka yote. Mtoto amepata B. B inaenda digrii. Sasa nyinyi mnamrudisha nyuma?"

Vijana, lazima niwaeleze mwaka ule ulikuwaje, maana nyinyi mmeikuta kaunti ikiwa imesimama. Serikali ya kaunti ndiyo ilikuwa inazaliwa. Matangazo ya kazi yalibandikwa kila ukuta wa Lodwar, na kila tangazo lilitaka digrii. Watu wenye diploma waliokuwa wakishikilia ofisi tangu zamani walisimama mbele ya kuta hizo wakisoma, kisha wakaondoka bila kuongea. Ekal alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameshapitwa na mabosi kadhaa waliokuja wakiwa vijana wadogo wakamwita "mzee wetu" na kumpa kazi ya kuwaonyesha njia. Neno diploma kwake halikuwa cheti. Lilikuwa ndio ukuta wenyewe.

Nilimweleza kwamba hii ni diploma tofauti, inakuja kabla ya digrii. Akasema hata yake ilikuwa kabla ya digrii, na hiyo digrii anaingoja mpaka sasa. Nikamwambia ni programu kali sana. Akaniuliza kama kuna mtu humpeleka mtoto wake mahali pakali kwa hiari. Mwisho akakubali jambo moja tu: siku ya mahojiano Kakuma atakuja mwenyewe, amtazame usoni huyo anayegawa diploma kwa watoto.

Tulikwenda na gari la ofisi yake lililokuwa linapeleka dawa za mifugo upande huo. Njiani hakuongea nami. Aliongea na Akai, na maneno yalikuwa hayohayo kila tukivuka lugga, mto mkavu wa mchanga. "Usiweke kidole mahali popote. Umesikia? Mashine, karatasi, wino, hapana. Kidole yako ikae kwako."

Kwa asiyejua, hilo lingeonekana wazimu. Huku kwetu si wazimu. Wako wenyeji waliokwenda kambini wakati wa ukame, wakapanga foleni na wageni ili wapate chakula, wakachukuliwa alama za vidole. Baadaye walipotaka kitambulisho cha Kenya waliambiwa mashine inawajua kama wakimbizi. Mturkana aliyezaliwa hapahapa, babu yake kazikwa hapahapa, anaambiwa yeye ni mkimbizi! Ekal aliogopa mtoto wake aingie Kakuma akiwa Mkenya mwenye B na atoke akiwa mtu mwingine.

Basi tulipofika kwenye lango la kiwanja cha mahojiano, askari akasukuma kitabu cha wageni na kalamu. Akai akaweka mikono nyuma.

"Dada, andika jina," askari akasema.

"Baba amekataa."

"Amekataa jina?"

Ilibidi niandike mimi majina yetu sote, huku Ekal akisimama begani kwangu kuhakikisha ni kalamu tu na hakuna mtego mwingine.

Ndani kulikuwa na benchi chini ya paa la mabati. Tulimkuta mama mmoja wa Sudani Kusini na binti yake. Mama huyo alikuwa na kibanda cha chai kambini, nasi tukajua hilo upesi kwa sababu alikuja na chupa ya chai na hakumwacha mtu akae bila kikombe. Jina lake Mama Nyibol. Aliposikia Ekal akinung'unika kuhusu diploma alimgeukia.

"Ya mzee, unakunja uso kwa nini? Mtoto yangu anapata diploma na bado mdogo hivi. Rabuna anatupenda!"

"Yako ni ya kwanza," Ekal akamjibu. "Wewe hujakaa nayo."

"Mimi nimekaa na kadi ya chakula," Mama Nyibol akasema. "Tubadilishane?"

Ekal akanywa chai yake. Hakubadilishana.

Tukaitwa. Mhojaji alikuwa kijana wa Nairobi aitwaye Otieno, ambaye mwenyewe alikuwa amepitia programu hiyo katika shule hiyohiyo. Alikuwa na tabasamu la watu wa mabango, na hilo likanifanya nimkazie macho. Kabla hajafungua faili nikamuuliza choo cha wanafunzi kiko upande gani.

Mkono wake ulinyooka palepale. "Ukitoka bweni unashuka hivi, nyuma ya jikoni. Lakini madam, asubuhi usiende huko. Kuna foleni, na mlango wa tatu haufungi, lazima uimbe ndio watu wajue uko ndani."

Nikatulia kidogo. Nikamuuliza swali la pili nililofunzwa na Barasa, kwamba anayeshindwa humtokea nini. Hapa tabasamu lilipungua, na hilo ndilo lililonifanya nianze kumwamini. Alisema wapo wanaoshindwa. Rafiki yake mmoja alimaliza miaka miwili bila diploma, akarudi kwao na karatasi inayoonyesha masomo tu, na ilimchukua muda mrefu kupata pa kushika. Hakulipamba jambo hilo.

Ekal naye akaingia. "Wewe ulimaliza hiyo diploma?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukaandikwa kazi?"

"Hapana, nilienda university."

"Kusoma nini?"

"Digrii."

"Kwa hivyo diploma haikutosha."

"Mzee, hii si ile diploma ya college. Ni jina tu."

"Jina tu?" Ekal akasema. "Mimi nalipwa kwa hilo jina tu."

Otieno akanitazama akiomba msaada. Nikakumbuka kitu kingine cha Barasa. Alikuwa akisema mtu akishalikataa neno, acha kumfafanulia neno hilo, kila ukilitaja unamchoma. Mwambie kitu chenyewe kinakaa mahali pa nini. Nikamuuliza Ekal kama alimaliza kidato cha nne kabla ya kidato cha tano kufutwa.

Akanitazama kama nimemuuliza habari za marehemu. "Mimi niliitwa Fom Faivu," akasema. "Kitale."

Nyinyi hamkuikuta. Zamani mtu akimaliza kidato cha nne na kufaulu aliendelea na cha tano na cha sita, miaka miwili, masomo machache kwa kina, ndipo aingie chuo kikuu. Aliyeitwa kidato cha tano huku kwetu alizungumzwa mpaka Todonyang, kule mpakani. Kisha mfumo ukabadilishwa, vidato hivyo vikafutwa.

"Basi mzee," nikamwambia, "hii wanayoiita diploma ni Fom Faivu na Fom Siksi. Miaka miwili, masomo machache kwa kina, halafu chuo kikuu."

Nje tulimsikia Mama Nyibol akimgombeza mtu kuhusu sukari.

"Sikuenda," Ekal akasema mwishowe. "Kulikuja watu, wakasema kuna diploma ya mifugo, ni njia fupi, unaanza kazi haraka. Wazee nyumbani wakasema chukua hiyo. Fom Faivu ilionekana mbali." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kwa hivyo Fom Faivu niliiacha kwa sababu ya diploma. Na leo Fom Faivu imerudi, inaitwa diploma."

Niliona uso wake unafunguka, nikajua nimemshika. Ningenyamaza pale, karatasi ingetiwa saini na tungerudi Lodwar kwa furaha. Lakini sikupenda jinsi lilivyokuwa rahisi. Nilikuwa nimemuuzia kwa neno moja, kama yule bwana wa tai, na neno lenyewe nilikuwa sijalipindua mbele yake.

Basi nikalipindua. Nilimwambia kwamba kidato cha sita cha zamani kilijulikana na kila chuo cha nchi hii, lakini cheti hiki, Akai akirudi nacho, kitahitaji kupelekwa Nairobi kilinganishwe na vyetu, na wakati ule sikuwa na uhakika kingelinganishwa na nini. Nilimwambia kwamba mtoto anayetaka udaktari akikosea kuchagua masomo yake sita wiki ya kwanza tu, mlango wa udaktari unaweza kufungwa kabla hajazoea chakula cha kule. Otieno akakubali, akasema Akai angelazimika kuchukua Kemia na Biolojia kwa kina, na Historia anayoipenda aiache. Nikaongeza kwamba akienda, nafasi yake ya chuo cha serikali hapa inaweza kupotea, na akishindwa kule atakuwa amekosa huku na huku.

Ekal akasimama. "Basi akae. B iko. Digrii iko. Hapa kila mtu anampongeza."

Na vijana, nawaambia kweli, nilikubaliana naye. Nilichukua mkoba wangu.

"Baba," Akai akasema, "wananipongeza vipi?"

Alisema kwa Kiswahili, hakusema Kiturkana, nikajua anataka sote tusikie.

"Wanasema umefanya vizuri," Ekal akajibu.

"Hapana. Wanasema nimefanya vizuri kwa mtoto wa Turkana. Wanasema nimefanya vizuri kwa msichana. Nimefanya vizuri kwa shule ambayo haina maabara. Mimi sijasikia vizuri ikisimama peke yake hata siku moja." Hakunitazama aliposema hivyo, na nilimshukuru. "Hiyo B naishuku, baba. Sijui ni yangu kiasi gani na ni ya huruma kiasi gani."

Nilitaka kumwambia kwamba mtihani wa taifa husahihishwa sawa kwa wote, na B yake ni B kama ya mtu wa Nairobi. Ni kweli, na haikuwa jibu. Yeye hakuwa akiongea habari za wasahihishaji. Alikuwa akiongea habari zetu sisi.

"Nataka ile ngumu," akasema. "Nataka nifanye mtihani ambao mtu anayesahihisha hajui Turkana iko wapi."

Ekal alikuwa bado amesimama. "Na akikuangusha?"

"Nitaanguka kama watu wengine."

Miaka yote ile ya kazi nilikuwa nimejifunza kuwashuku watu wa mabango, kushuku shule na kushuku vitu vya bure. Nilikuwa nimemshuku Otieno na nimemshuku Ekal. Kumbe kwenye chumba kile mwenye shuku kubwa kuliko zangu zote alikuwa yule mkimya wa dawati la pili, na alichokuwa akikipindua ni sifa zetu. Nilimwonea wivu na nikamwonea huruma kwa wakati mmoja.

Baba yake alivuta kiti akaketi tena. Alimwomba Otieno kalamu. Aliikagua, akaijaribu kwenye kiganja chake, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetoa amri kwa mbuzi, "Utaenda. Lakini mtu akikuuliza Lodwar unasoma nini, sema Fom Faivu."

Alichaguliwa, na akaenda. Hapa mjini wote waliambiwa yuko kidato cha tano, na wazee wa zamani walilia machozi wakidhani serikali imekirudisha. Alichagua Kemia na Biolojia. Historia aliiacha, na iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye. Mwaka wa kwanza alinipigia simu akilia kwamba insha yake imerudishwa imejaa maswali, kila aya wanamuuliza umejuaje, umejuaje. Nilimwambia asishangae, ndiyo kazi waliyomwitia. Sikumwambia rudi nyumbani, ingawa neno lilifika mdomoni.

Kwa hiyo mnaponiuliza nyinyi, sitawaambia chagueni wala msichague. Ulizeni choo kiko wapi. Ulizeni anayeshindwa humtokea nini, na tazameni uso wa anayejibu. Jueni masomo mnayoyahitaji kabla hamjapanda gari, maana huko hakuna nafasi ya kuchukua kila kitu. Na mkimpata mzazi anayekataa, msimwite mshamba. Huenda neno mnalolisema limemla yeye kabla yenu. Baada ya hapo, mwenyewe ujiulize unaitaka kwa nini, na ukijibu kwa sababu ni ya kimataifa, nitakurudisha nyumbani ukafikirie tena.

Matokeo ya Akai yalipotoka miaka miwili baadaye, nilikuwa Kalokol kwa dada yangu. Simu ikaita, namba ndefu ya kigeni.

"Mwalimu, nimepita."

"Asante Mungu! Umepata ngapi?"

"Za katikati. Nimepita, lakini za katikati tu."

Nikavuta pumzi nimfariji kama nilivyozoea kuwafariji watoto maisha yangu yote. "Akai, si mbaya hata kidogo. Kwa mtoto wa..."

Nikanyamaza.

"Malizia, mwalimu."

"Sina la kumalizia."

Akacheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa sauti, miaka yote minne ya dawati la pili.

"Ni za katikati za dunia nzima, mwalimu," akasema. "Na zote ni zangu."